Laxton, kijiji kinachokagua mipaka yake kila mwaka

Plau ikihama upana wa mfuo mmoja, tuseme sentimita 30, kwenye ngwe yenye urefu wa mita 200, jirani amepoteza mita za mraba 60. Kwa macho hutaona kitu. Mwaka unaofuata ikihama tena, na wa tatu tena, zinafika 180, na hapo hakuna anayeweza kuapa kwamba mpaka ulikuwa wapi. Mahali penye ua au waya jambo hili haliwezekani. Laxton hakuna ua wala waya kati ya ngwe na ngwe, na hali imekuwa hivyo kwa karne nyingi. Ndiyo maana kila mwaka, majira ya baridi yanapoingia, wakulima wa kijiji hupanda kwenye tela la trekta wakiwa na nyundo na mambo za mbao, yaani vigingi vya mpaka, wakaenda kukagua mifuo ya wenzao.

Laxton ni kijiji kidogo cha kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya England, kati ya miji midogo ya Ollerton na Tuxford. Vijiji vizuri kuliko hiki viko vingi nchini humo: vyenye nyumba za mawe ya rangi ya asali, vijito na madaraja, vilivyojaa picha kwenye kalenda. Laxton ni nyumba za matofali mekundu, matope, na harufu ya ng'ombe. Umuhimu wake uko nje ya nyumba, kwenye makonde makuu matatu yanayoitwa South Field, West Field na Mill Field, jumla yake takriban ekari 480. Hapo bado hulimwa kwa utaratibu wa makonde ya wazi, uliokuwa ndio kilimo cha sehemu kubwa ya England ya kati tangu zama za kati hadi karne ya 18. Mabaki ya makonde ya namna hiyo yapo kwingine pia, kwa mfano Braunton kule Devon na Isle of Axholme huko Lincolnshire. Lakini makonde yakiwa pamoja na baraza linaloyatawala kwa nguvu ya sheria, utayakuta Laxton tu.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuuishi. Konde la kwanza hupandwa ngano vuli. Konde la pili hupandwa mazao ya masika, yaani shayiri, shayiri pori, maharage au njegere. La tatu hupumzishwa. Mwaka ukigeuka, kila konde husogea hatua moja: lililokuwa na ngano linapokea mazao ya masika, lililokuwa na mazao ya masika linapumzika, na lililopumzika linapandwa ngano. Baada ya miaka mitatu mzunguko unaanza upya. Mkulima hana hiari ya kupanda ngano kwenye konde la kupumzika kwa sababu tu bei ya ngano imepanda. Konde zima linafuata zamu moja, na yeye anafuata konde.

Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini ardhi ya kila mkulima imetawanyika. Kama shamba lake lote lingekuwa West Field, mwaka wa tatu angekaa bila mavuno. Kwa hiyo kila mtu lazima awe na sehemu inayokaribiana katika kila konde. Na ndani ya konde moja udongo haufanani: huku umekaa juu na unakauka mapema, kule bondeni unashika maji hadi Machi. Ukigawa kwa ngwe nyembamba zilizosambaa, kila mtu anapata udongo mzuri kiasi na udongo mbaya kiasi. Watu hupenda kuuita utaratibu huu ujamaa wa kale wa Kiingereza, na hapo wanakosea. Mavuno hayakugawanywa hata siku moja. Kila ngwe ilikuwa na mwenyewe, na ngano yake ilikuwa yake. Cha pamoja kilikuwa kalenda, malisho na mipaka.

Vipimo vya ngwe vilitoka kwa ng'ombe. Urefu uliotarajiwa ulikuwa yadi 220, karibu mita 200, yaani umbali ambao ng'ombe wanaweza kuvuta plau kabla ya kuhitaji kupumua. Upana wa yadi 22, karibu mita 20, kwa urefu huo unatoa ekari moja kamili, na ekari ilihesabiwa kuwa kazi ya siku. Vipimo hivi ni vya vitabuni. Kwenye udongo ngwe nyingi zilikuwa ndogo zaidi, zikifuata mteremko wa ardhi na njia ya maji. Bao la plau liligeuza udongo upande wa kulia. Mlimaji alianza katikati ya ngwe na kuzunguka kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kila mzunguko ulitupa udongo kuelekea katikati. Miaka ikipita, katikati pakainuka tuta refu na kandokando pakabaki mfereji. Mfereji huo ulifanya kazi mbili: kutoa maji, na kuwa mpaka. Kati ya ngwe za Laxton hapakuachwa ukanda wa nyasi kama wengi wanavyodhani. Mfuo wenyewe ndio uliosema hapa kwako, hapa kwangu.

Kundi la ng'ombe wanane waliofungwa wawili wawili ni refu, na haliwezi kugeuka papo kwa papo. Mlimaji alilazimika kuanza kuwakunja kabla ya kufika mwisho, ndiyo maana ngwe za kale hazikunyooka bali zimepinda kidogo huku na huku, kama herufi S iliyogeuzwa. Mahali pa kugeuzia, kwenye ncha za ngwe, palikuwa mara nyingi ni ngwe ya mtu mwingine iliyolala kwa kukingama. Huyo mwenye ngwe ya kugeuzia hakuwa na budi kulima mwisho. Akipanda mapema, plau za wenzake zinamkanyagia mbegu, na hana wa kumlalamikia.

Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito mwekundu. Ukilima ukiwa umelowa sana, unatoka vipande vinavyong'aa upande mmoja, na vikikauka vinakuwa matofali ambayo hakuna mbegu itakayoyapenya. Ukisubiri ukauke sana, plau haiingii. Kati ya hali hizo mbili pana siku chache tu kila vuli, na wakulima wote wa konde moja wanazihitaji siku zile zile.

Rekodi za kijiji ni za zamani. Kimeandikwa katika Domesday Book, daftari la ardhi la mfalme la mwaka 1086, kwa jina la Laxintune, kikiwa kimetoka mikononi mwa Toki na kuingia kwa Geoffrey Alselin, mmoja wa Wanormani waliopewa ardhi baada ya uvamizi wa 1066. Kaskazini mwa kijiji kuna kilima kikubwa cha udongo kilichojengwa na binadamu, chenye handaki na uwanja wa ngome mbele yake. Ni mabaki ya ngome ya mbao na udongo, miongoni mwa kubwa na zilizohifadhika vizuri zaidi katika kaunti hiyo, na juu ya kilima kuna kilima kingine kidogo. Ukoo wa de Caux na baadaye wa Everingham ulikaa hapa na kushika kwa kurithishana kazi ya kulinda msitu wa mfalme wa Sherwood. Cheo kilipowaponyoka, ngome ikapoteza kazi, na leo ni malisho ya kondoo.

Hati iliyo muhimu kuliko zote ni ramani ya mwaka 1635. Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London aliyekuwa amenunua Laxton, alimwajiri mpimaji Mark Pierce apime kijiji kizima. Pierce alichora kila ngwe, zaidi ya 2,000, na katika daftari linaloambatana na ramani akaandika mwenyewe ni nani na ukubwa wake ni kiasi gani. Sehemu zilizobaki wazi amezijaza picha ndogo: watu wanalima, wanavuna, wengine wanawinda. Ramani iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Thamani yake ni kwamba unaweza kuiweka kando ya ramani ya leo na kuona njia zile zile na makonde yale yale, na viwanja vya nyumba vikiwa vimepangwa kwenye barabara ile ile. Courten hakukaa nayo sana. Mwaka 1640 milki ikahamia ukoo wa Pierrepont, ambao baadaye walipata cheo cha Earl Manvers.

Sasa swali ambalo kila anayesoma historia ya vijiji vya England hujiuliza: kwa nini hapa na si kwingine? Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikagusa kiasi cha ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England. Makamishna walifika kijijini, wakakusanya ngwe zote, wakamgawia kila mwenye haki kipande kimoja, na kila mmoja akatakiwa kupanda ua wa miiba kuzunguka chake kwa gharama yake. Mwenye ekari 200 alifaidika. Mwenye ekari tatu na haki ya kulisha ng'ombe mmoja kwenye malisho ya pamoja mara nyingi aliishia kuuza, kwa sababu ua na ada za mawakili vilimshinda, na malisho yenyewe yalikuwa yamekwisha kugawanywa.

Wanaokiuza kijiji kwa watalii hupenda kusema Laxton iliokolewa na upendo wa mila. Kumbukumbu zinasema vingine. Sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua hapa pia, katika karne ya 18. Kilichobaki kilibaki kwa sababu ya ugumu wa umiliki. Wenye ardhi wadogo walikuwa wengi, na ngwe zao zimechanganyika na za kabaila. Mbaya zaidi kwa waliotaka mabadiliko, makabaila wakubwa walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na katika karne ya 19 hawakuweza kukubaliana nani achukue nini. Mazungumzo yalipokwama, ngwe zikaendelea kulimwa. Baadaye bei ya nafaka ikaanguka, mwishoni mwa karne hiyo, na gharama ya kuweka ua haikuwa na faida tena. Urithi huu, kwa maneno mengine, ni matokeo ya ugomvi wa matajiri wawili na soko bovu la ngano.

Hata hivyo haukubaki kama ulivyokuwa. Kati ya 1900 na 1910 Earl Manvers alipanga upya ngwe: ndogo ndogo ziliunganishwa ili mashine za kuvunia zipite. Kutoka zaidi ya 2,000 za Mark Pierce leo zimebaki chini ya 200, na kila moja kwa wastani inakaribia ekari tatu. Matuta ya kale kwenye makonde yenyewe yamesawazishwa na matrekta. Anayetaka kuyaona hana budi kutafuta malisho ya zamani yasiyolimwa tena, jua likiwa chini.

Baraza ndilo linalonivutia mimi kuliko ngome na kanisa. Siku ya ukaguzi ni mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Wakaguzi ni kama 12, wakulima waliolishwa kiapo mwaka uliotangulia, na wana kiongozi wao. Wanakwenda konde moja tu, lile lililotoka kupandwa ngano. Sababu ni ya kivitendo. Konde hilo limetoka kulimwa upya baada ya mapumziko, mistari ya mbegu imeanza kuota, na kila kosa la plau linaonekana kwa rangi ya kijani. Mipaka itakayowekwa hapo itatumika kwa miaka yote mitatu ya mzunguko.

Wakifika hugawanyika vikundi. Kila kikundi kinatembea ncha za ngwe, kikitafuta mambo za mwaka wa ukaguzi uliopita. Mambo ikiwa imeng'olewa au imefukiwa, wanapima kutoka alama zinazojulikana na kupigilia nyingine. Wanajiuliza maswali manne hivi. La kwanza, je, mfuo wa mpaka umenyooka kutoka mambo hadi mambo? La pili, kuna aliyelima kuingia njia ya pamoja? Njia za konde ni pana, na kila dereva wa trekta hushawishika kuimega kidogo. La tatu, kuna aliyemega nyasi za pamoja? La nne, mitaro imesafishwa? Mtaro mmoja ulioziba juu ya mteremko unalowesha ngwe za watu watano walio chini, na hao watano hawana ruhusa ya kwenda kuuzibua wenyewe ndani ya ardhi ya mwingine.

Wakimaliza wanarudi kijijini kula, kisha wanakaa kuamua faini. Mjadala huwa mkali kuliko kiasi cha pesa, maana faini zenyewe ni ndogo. Aliyekosea mara nyingi yupo chumbani, na yeye ni mkaguzi. Uamuzi unaandikwa na kutiwa saini.

Wiki moja baadaye baraza lenyewe hukutana kwenye baa ya Dovecote Inn, katikati ya kijiji. Anayeongoza ni mwakilishi wa mwenye milki, ambaye kwa kawaida ni mwanasheria. Tarishi wa baraza anafungua kwa mwito wa kale, majina ya wanaopaswa kuhudhuria yanasomwa, na asiyekuwepo anatozwa senti chache. Faini za konde zinathibitishwa, na wakaguzi wa mwaka ujao wanaapishwa. Pia huteuliwa mkamata mifugo, aliyekuwa na kazi ya kufungia wanyama wanaozurura kwenye zizi la kijiji hadi mwenyewe alipe. Zizi bado lipo.

Usidhani ni maigizo. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha Sheria ya Utawala wa Haki, iliyovua mabaraza ya kale ya namna hii karibu yote mamlaka ya kisheria na kuyaachia sherehe tu. Laxton iliachwa na mamlaka yake. Mpaka ukiamuliwa pale, umeamuliwa.

Nyasi za pamoja ni zile sehemu za konde ambazo plau haikuweza kuingia: mabonde yenye unyevu na miteremko mikali. Kwa kuwa hazijawahi kulimwa wala kumwagiwa mbolea nyingi, zimejaa maua ya porini ambayo yametoweka kwingine, na sasa zinalindwa kisheria kwa ajili hiyo. Haki ya kukata nyasi zake huuzwa kwa mnada kila kiangazi. Hukatwa mara maua yanapokuwa yamekwisha kutoa mbegu. Ukikata mapema mwaka baada ya mwaka, maua yanakwisha na kubaki nyasi tupu.

Matatizo ya leo si yale ya 1635. Dawa ya kuua magugu inapuliziwa ngwe moja, upepo unaipeleka kwenye maharage ya jirani. Gugu sugu likiota kwa mvivu, mbegu zake hazisimami kwenye mfuo. Mashine ya kuvunia yenye mdomo wa mita nane inahangaika kwenye ngwe ambayo upana wake haugawanyiki kwa nane, na kipande kinachobaki kinahitaji safari nzima ya ziada. Muda unapotea barabarani kutoka ngwe hadi ngwe, na mafuta pia. Konde la kupumzika zamani lililimwa likiwa tupu mara kadhaa kiangazi ili kuua magugu. Siku hizi mkulima anaruhusiwa kupanda humo mazao ya malisho, kwa sababu kuiacha theluthi ya ardhi bila pato lolote ni kumfukuza mpangaji. Mimi naona badiliko hilo ni halali kabisa, hata kama wapenda usafi wa historia hulinung'unikia.

Kijijini kwenyewe, kwenye barabara yake, angalia mashamba yalivyo. Nyumba za wakulima na maghala yao ziko ndani ya kijiji, nyingi zikiwa zimegeuzia barabara ubavu, na nyuma yake kiwanja chembamba kirefu. Katika vijiji vilivyozungushiwa ua, mkulima alijenga upya katikati ya kipande chake, mbali na wenzake. Hapa asingejua ajenge wapi, kwa kuwa ardhi yake iko kila mahali.

Kanisa la Mtakatifu Mikaeli ni la zama za kati, lakini si lote unaloliona. Lilikuwa limechakaa na kubwa mno kwa waumini waliobaki, hivyo mwaka 1859 na 1860 Earl Manvers alilifupisha na mnara ukajengwa upya. Ndani kuna sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham, mojawapo ya mwanamke, iliyochongwa kwa mbao badala ya mawe. Sanamu za mbao za wakati ule ni adimu sana, maana mbao huliwa na wadudu.

Umiliki umezunguka. Mwaka 1952 Earl Manvers aliiuzia Wizara ya Kilimo milki hiyo, kwa kusudi kwamba utaratibu uhifadhiwe. Mwaka 1981 wizara ikaiuzia Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za taji. Mwaka 2020 ikauzwa tena, safari hii kwa Thoresby, milki ya warithi wa ukoo ule ule wa Pierrepont. Kila mauzo yalileta hofu ile ile, na hofu hiyo ina msingi. Utaratibu huu hauna faida ya soko kumshinda jirani mwenye shamba moja kubwa lililonyooka, na unahitaji wapangaji wa kutosha kuunda baraza. Mashamba yakiunganishwa hadi yabaki matano, hakutakuwa na watu 12 wa kukaguana, hata kama kila ngwe itakuwa bado iko mahali pake.

Kwa msomaji aliyeko Nottingham au Leicester, hii ni safari ya siku moja, na gari linahitajika. Anzia kwenye kituo cha wageni karibu na Dovecote Inn, penye maelezo ya ukutani. Kisha panda kwenye kilima cha ngome upate sura ya nchi, ndipo utelemke West Field au South Field kwa njia za miguu. Novemba ndiyo bora, kwa sababu konde la ngano limetoka kupandwa na ngwe zinatofautiana rangi kulingana na tarehe ya kila mkulima kupanda. Agosti, mazao yote yakiwa yamekomaa, mpaka ni mgumu kuuona. Vaa buti za mpira. Mfinyanzi wa Laxton utavua viatu vya kawaida. Mbwa afungwe kamba. Usikate katikati ya ngano iliyoota, na ukiona mambo ya mbao imesimama pembeni mwa njia, iache ilipo: kuna mtu aliyepima ili aipigilie hapo.